Mawe ya Orpa

Ungemwona Anatole asubuhi ile, amepiga magoti katikati ya kijito, suruali imekunjwa hadi mapajani, anasugua jiwe kwa majivu na waya wa kusugulia masufuria, ungedhani mkewe amemwagiza vyombo vya harusi. Alisugua juu, akasugua ubavuni, kisha akachukua kisu kilichokatika ncha na kukwangua zile pembe za chini ambazo jicho halifiki. Utando wa kijani ulibanduka vipande vipande ukaenda na maji. Aliporidhika alilipapasa jiwe kwa kiganja, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa kujua kama homa imeshuka, kisha akahamia la pili.

Walimwengu hawana dogo. Wapo waliosema mzee yule amerukwa na akili, na hawakusema kwa kunong'ona. Wapo waliosema anatafuta mke, anawaonyesha wajane jinsi anavyojua kazi za nyumbani. Lakini wanawake waliovuka pale kila siku wakiwa na madumu ya maji kichwani hawakumcheka. Walikanyaga mawe makavu, safi, yasiyoteleza, wakampa asante na kuendelea na safari zao.

Mke wa kumwagiza vyombo hakuwapo. Orpa alikuwa juu ya kilima, chini ya msalaba wa mbao, na mahindi yalikuwa yamevunwa zaidi ya msimu mmoja tangu azikwe.

Orpa alikuwa mwanamke ambaye kifo kilimkosa mara nyingi hata ungedhani kimemchoka. Kilimkosa milimani Fizi, nyumba za kijiji kizima zilipochomwa. Kilimkosa ziwani, mtumbwi uliokuwa ukiwavusha kwenda Kigoma ulipoanza kunywa maji. Kilimkosa njia nzima ya Tanzania hadi mpakani Kikagate, na kikamkosa tena katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwaka wa kipindupindu. Halafu, baada ya kumkosa kote huko, kikaenda kumngoja kwenye jiwe la kijito, mahali alipopita kila siku, maji yenyewe hayafiki hata gotini. Aliteleza. Dumu likaenda upande wake, yeye upande wake, kisogo kikalipiga jiwe. Wakamkimbiza hospitali Mbarara akiwa anapumua, akarudishwa akiwa amefunikwa. Jamani, kufa kwa bunduki ni msiba, lakini kufa kwa utelezi ni msiba na tusi juu yake. Anatole alimlilia mkewe kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa mlangoni pake baada ya kuvuka pori lenye majambazi.

Waliowafahamu walijua jinsi wawili wale walivyokuwa wakivuka. Anatole alitangulia. Akifika kwenye jiwe la mwisho, lile pana lililoinama kidogo, alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Orpa akaushika. Hawakuambizana kitu. Hata siku walizokuwa wamenuniana mkono ulinyooshwa, na ulishikwa. Siku ile moja Anatole alikuwa kitandani na malaria, meno yanagongana, na Orpa akavuka kwenda kisimani peke yake.

Sasa, kwa kina Anatole, mahali palipomwangusha mtu hapaachwi hivi hivi. Ndugu zake huenda kupasafisha. Akianguka mtini, mti hupunguzwa matawi. Akianguka njiani, njia hulimwa na kufagiliwa. Wanasafisha hivyo mpaka siku ya kuanua matanga, ndipo mkubwa wa ukoo huchukua maji akawanawisha mikono, mmoja mmoja, na kumwambia kila mtu kwamba imetosha. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kurudi kupasafisha, maana marehemu naye anataka kupumzika. Lakini Nakivale mkubwa wa ukoo angetoka wapi? Mmoja alibaki Fizi, mwingine yuko Kigoma, wengine hawajulikani kama wako hai. Hakuna aliyemnawisha Anatole mikono. Kwa hiyo hakunawa, na kwa kuwa hakunawa, hakuacha.

Kila Jumamosi, siku ya salongo, wengine walipokuwa wakizibua mitaro na kufyeka njia kwa pamoja, yeye alishika waya na majivu yake akaenda kijitoni. Mwisho majirani wakamhurumia. Walikuja na makoleo, magunzi na mchanga, wakasugua pamoja naye kuanzia kivukoni hadi kule juu penye mwamba, mwendo mzima ambao jicho linaweza kuuona. Kijito kilitakata hata chini kukaonekana rangi ya kila kokoto. Mwenyekiti wa mtaa aliwasifu mbele ya watu, na Anatole akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Katika majira hayo ndipo alipofika Sharifah. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Mbarara, karibu na msikiti, na watu wa mtaa walielezana kwamba amesomea maji. Maji nayo yanasomewa! Alifunga vigae vidogo vya udongo kwenye waya, akavizamisha juu kidogo ya kivuko, akamwomba mwenyekiti awaambie watu wasiviguse. Mwenyekiti aliitikia vizuri sana, akasahau. Baada ya wiki kadhaa Anatole aliviona vile vigae vimeanza kushika utelezi. Akavifungua, akavisugua kimoja kimoja hadi vikarudi rangi yake, akavifunga tena palepale alipovikuta. Aliona amemsaidia mtu.

Sharifah aliporudi na kuvivuta vigae vyake, akavikuta vimetakata kama vimetoka tanuruni jana, aliketi kwenye nyasi mbichi na gauni lake. Aliuliza nani kafanya. Wanawake waliokuwa wakichota maji hawakutaja jina, lakini midomo yao yote ilichongoka kuelekea upande mmoja. Alikwenda hadi uani kwa Anatole, akamkuta anapukuchua maharage.

“Mzee, ni wewe umeharibu kazi yangu?”

“Mi sikuharibu kitu, madame. Nilisafisha. Bile bitu bilianza kuteleza.”

Sharifah akamuuliza ni nani aliyemtuma. Anatole aliweka chini ganda la haragwe lililokuwa mkononi.

“Bibi yangu alikufa pale,” alisema. “Ku ile jiwe. Mi nasafishaka ile fasi yake.”

Hasira ya Sharifah ilikuwa bado ipo, ila ilikosa pa kukaa. Alivuta kigoda bila kukaribishwa, akamweleza polepole, kwa Kiswahili cha sokoni Mbarara, mambo ambayo alikuwa amezoea kuyaeleza kwa Kiingereza. Kule juu ya kijito, alisema, kuna zizi la Rwakabuba, ambako ng'ombe wa pembe ndefu wananyunyiziwa dawa ya kupe. Dawa inadondoka chini, inachuruzika mteremkoni, kijito kinaibeba. Ni sumu. Lakini ule utelezi wa kwenye mawe si uchafu. Ni viumbe, wadogo hivi kwamba ukucha mmoja unabeba maelfu kwa maelfu, wameshikamana wamejenga, na kila aina ina kazi yake. Wako wanaoinasa ile dawa na kuivunja, wakaila kama sisi tunavyokula ugali. Wako wanaomalizia makombo ya wenzao. Hapo mwanzo hawakuiweza, wengi waliuawa nayo. Waliobaki wakajifunza, wakazaa watoto wanaozaliwa wakijua.

“Kambi,” alisema Anatole.

Sharifah alikubali kwamba ndiyo, ni kama kambi. Kisha akasema maneno ambayo pengine angeyalainisha kama angekuwa na umri mkubwa zaidi: kwamba ukiisugua kambi ile, dawa inapita yote, inakwenda kwa watu wa chini.

Anatole alimsikiliza kwa adabu, kwa kuwa mgeni husikilizwa, na hakusadiki hata neno moja. Uchafu unaokula uchafu! Na hata kama ungekuwa kweli, utelezi ule ule uliomuua Orpa ndio uje kuitwa mlinzi wa watu? Alimsindikiza Sharifah hadi barabarani, akamtakia safari njema, na Jumamosi iliyofuata akaenda kijitoni na waya wake.

Watu wa chini walikuwa ni pamoja na binti yake. Madeleine na mumewe Patient walipewa kiwanja huko kijito kinakokaribia ziwa, na Madeleine alifuga bata. Kiangazi kile vifaranga wake walianza kufa. Waliyumba kama walevi, wakalala ubavu, wakanyoosha shingo. Madeleine alidhani ni ugonjwa wa ndege, akawachoma moto waliokufa na kuwatenga waliobaki. Kisha mabomba ya mtaa yakakauka, wakawa wanakunywa maji ya kijito, na Olga, mtoto wake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kutapika. Mate yalimtoka bila kukoma, mikono ikatetemeka, miguu iliyokuwa imeanza kusimama ikalegea tena. Kwenye kituo cha afya daktari aliuliza nyumbani kuna dawa gani ya shambani. Hakuna, walisema. Daktari alimtibu vile alivyoweza, akasema hawezi kuapa ni nini, ila maji yale wasimpe tena.

Anatole alikaa kando ya kitanda cha mjukuu wake, akiushika mguu mdogo ambao haukumjibu, na hasira yake ya zamani ikampanda tena. Safari hii ilikuwa na mtu wa kumwendea. Alipanda kilima hadi kwa Rwakabuba.

Rwakabuba, kama Mnyankole yeyote mwenye ng'ombe, hakumruhusu mgeni kugombana akiwa na kiu. Alimpa maziwa kwanza. Alimsikiliza hadi mwisho, akaukung'uta mkongojo wake chini, akakubali kwamba ni kweli, kupe wa siku hizi wamekuwa sugu na dawa anaikoroga kali kuliko zamani, la sivyo zizi litabaki tupu. Halafu akauliza bila ubaya wowote:

“Lakini mzee, mimi napiga dawa hapa miaka mingi. Wewe hujakuja bado, mimi napiga. Mbona hizo bata zilikuwa zinaishi?”

Anatole hakuyamaliza maziwa. Aliteremka kilima na swali lile limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Bata wa Madeleine waliishi, ni kweli. Waliishi na kunenepa wakati Orpa akiwa hai, wakati mawe yakiwa na utelezi wake. Kilichobadilika kijitoni tangu wakati ule ni kitu kimoja tu, na mikono iliyokibadilisha alikuwa nayo mwenyewe, inaning'inia pande mbili za mwili wake. Alikaa chini njiani, mbuzi wa watu wakampita, wala hakujua alikaa muda gani. Alipoinuka alikwenda kumwomba mwenyekiti namba ya simu ya yule binti aliyesomea maji, akampigia, naye akamwita aje maabara.

Mbarara hakuwa amekanyaga tangu siku ile ya Orpa. Teksi ilipoingia mjini aliomba kushushwa mapema, akazunguka kwa njia za nyuma, apate kuukwepa mlango wa hospitali. Alichelewa, na viatu vilikuwa vimejaa vumbi. Sharifah alimpokea mlangoni pa maabara, akampeleka mezani ambako kulikuwa na vyombo viwili vya kioo vyenye maji.

Alimweleza kwamba maji ni yaleyale, na ametia dawa ya kupe ileile, tone kwa tone, sawasawa kote. Chombo cha kwanza kilikuwa na mawe yenye utelezi, aliyoyaokota juu ya mwamba ambako salongo haikufika. Humo vidudu vya maji, vidogo kama viroboto, vilikuwa vikirukaruka bila wasiwasi. Chombo cha pili kilikuwa na jiwe moja safi. Vidudu vyake vilikuwa vimelala chini, vyote, kama makapi ya chai. Anatole hakuangalia vile vidudu kwa muda mrefu. Aliliangalia jiwe. Alilijua. Alikuwa amelikwangua kwa kisu, na alama za kisu zilikuwepo.

Sharifah alimkalisha mbele ya hadubini akamwambia afumbe jicho moja. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona mji. Vitu vya kijani vimepangana kama vibanda, katikati yake vingine visivyo na rangi, vinatetemeka, vinasogea, vinashikana, hakuna kilichokaa peke yake.

“Banakula sasa hivi?” aliuliza.

“Wanakula, mzee. Polepole. Hawamalizi yote. Na wao wana kipimo yao.”

Aliuliza kama wale waliosuguliwa wanaweza kurudi. Sharifah alisema wanarudi. Wanateremka na maji kutoka juu, wanajishika kwenye jiwe, wanaanza upya, bora tu waachwe.

Anatole aliingiza mikono miwili kwenye chombo cha pili, akalitoa jiwe lake, akalishika kifuani, maji yenye sumu yakamlowesha shati. Sharifah alishtuka. Alimnyang'anya jiwe, akamvuta hadi kwenye sinki, lakini maji ya mji siku hiyo yalikuwa yamekatika. Akakimbilia birika lake la kutawadhia lililokuwa nyuma ya mlango. Alimmiminia mikononi, akampa sabuni, akammiminia tena, kiganja, mgongo wa mkono, hadi kwenye viwiko, mpaka birika likaisha.

“Basi, mzee,” alisema. “Imetosha.”

Mzee alibaki ameinyoosha mikono ile iliyolowa juu ya sinki. Hakuitikisa wala kuifuta. Machozi yalimtoka yakadondoka palepale yalipokuwa yakidondoka maji. Sharifah, ambaye hakujua amefanya nini, alidhani analilia mjukuu. Alitafuta taulo, akalikosa, akampa mtandio wake wa akiba uliokuwa mkobani, akasimama kando yake. Ilipofika jioni Anatole aliifuata barabara kubwa kwenda kwenye teksi. Alipita mbele ya mlango wa hospitali, akavua kofia, akaendelea.

Kuliacha jiwe lisisuguliwe ni neno jepesi mdomoni. Jumamosi ya salongo alisimama mbele ya watu akasema kijito kisiguswe tena, akaeleza kwa nini, na wengi walimsikiliza kama yeye alivyomsikiliza Sharifah. Wanawake walewale waliompa asante wakamjia juu: sasa wateleze, wavunjike viuno? Mmoja alisema, akijua anasikika, kwamba wanaume ndivyo walivyo, amechoka kumlilia mkewe ametafuta sababu. Anatole na Patient walichimbia nguzo za mkaratusi kila upande wa kivuko, wakafunga kamba nene ya kushikilia. Nguzo zilitoka kwa Rwakabuba, aliyeahidi pia kuchimba shimo la kupokea maji ya dawa, hata tone lisije kuingia kijitoni. Ameanza kuchimba. Kama atamaliza, tutaona.

Siku za kwanza mikono ya Anatole ilikosa kazi. Alikuja kijitoni bila waya, akakaa ukingoni, akayaangalia mawe yakibadilika. Kwanza yalishika ukungu mwembamba, kama ndevu za kijana aliyebalehe jana. Kisha rangi ya kahawia, kisha kijani. Kila kijani kilichorudi kilimchoma. Aliona kama anamlisha mwuaji, mchana kweupe, mbele ya mlango wake, na usiku alimwomba Orpa radhi kwa sauti. Mara mbili mkono uliokota mchanga ukataka kuanza. Aliumwaga mchanga akanawa.

Mvua zilirudi na mabomba yakatoka maji, lakini mtaa wa juu haukuacha kukitumia kijito, wala watu wa chini. Vigae vya Sharifah vilizamishwa upya. Madeleine alinunua bata wengine. Olga alisimama tena, akikishika kigoda, akikisukuma mbele, akilia kikimshinda. Mguu mmoja aliuburuta kidogo. Daktari alisema pengine utapona.

Usiku mmoja Madeleine alilala kwa baba yake ili wawahi kupanda maharage ng'ambo, na asubuhi wakavuka pamoja, Anatole mbele na jembe begani, Madeleine nyuma, dumu kichwani, Olga mgongoni. Mawe yalikuwa yameshiba utelezi. Walikwenda jiwe kwa jiwe, bila maneno. Kwenye lile la mwisho, pana, lililoinama, mguu wa Anatole ulichezacheza kidogo, akaikaza kamba kwa mkono wa kushoto, akasimama imara.

Ndipo mkono wake wa kulia ukaliacha jembe begani, ukaenda nyuma. Yeye hakugeuka. Pengine hata hakujua. Miezi yote ile ambayo mawe yalikuwa makavu na safi mkono ule haukuwa na sababu ya kwenda popote, na sasa ulikuwa umenyooka nyuma yake, kiganja wazi, unangoja.

Madeleine alisimama. Utoto wake wote alitembea nyuma ya wazazi wake, akauona mkono huo ukinyooshwa, na akauona ukishikwa. Alijua haukunyooshwa kwa ajili yake. Alishusha mkono mmoja kutoka kwenye dumu, akaushika, wakavuka.